Jeshi la Fagia

Shangazi yangu Sumeya anauza vitu vya kuchezea vya mitumba katika soko la Kitale, na maisha yangu yote sijamwona akiuza askari. Mwanasesere aliyenyonyoka nywele atakuuzia. Gari la magurudumu matatu atakuuzia pia, na atakuapia kwamba lile la nne halikuwa na kazi. Lakini mtoto akishika askari wa plastiki, hata awe amekatika bunduki, shangazi humtoa mkononi mwake kwa upole na kumpa kitu kingine.

"Huyo ameandikishwa," humwambia mzazi. "Hawezi kutoka kambini bila ruhusa."

Wazazi hucheka wakidhani ni maneno ya biashara.

Askari hao hutoka kwenye fagia. Bale, yaani robota la mitumba, likifunguliwa, wenye maduka hufika mapema kuchagua kamera, yaani vile vizima vinavyong'aa. Baada yao huja wachuuzi wa mezani. Kinachobaki chini kabisa, vipande na vumbi na vitu visivyo na jina, ndicho fagia, na watu hukichota kwa ndoo. Hapo ndipo Eddo hupiga magoti. (Eddo ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita dada ya baba.) Huchambua kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Nimemwona akichomoa mkono wake mle ndani ukiwa na askari mmoja asiye na kichwa, na uso wake una furaha ambayo sikumwona nayo hata siku ya Idi.

Nyumbani huwaosha kwenye beseni, kwa sabuni ya unga na mswaki wa zamani. Huwapaka rangi ya kucha: nyekundu kwenye makoti, ya fedha kwenye vifungo, na nyeusi kwenye viatu kama anayo. Aliyekatika mguu hugandishwa juu ya kizibo cha soda akafanywa mlinzi, kwa sababu mlinzi hatembei. Yule asiye na kichwa alipewa ushanga wa kahawia, akawa mpiga tarumbeta. Wote hulala katika masanduku ya viatu chini ya kitanda chake, kila kikosi na sanduku lake.

Aliachika akiwa na miaka thelathini, bila mtoto, akarudi kuishi kwetu. Watu walisema anacheza kwa sababu hana wa kumlea.

"Jirani ana watoto tisa na anashinda kwenye karata," Eddo alijibu siku moja. "Mbona yeye hamumuulizi ni nini amekosa?"

Miaka ile ya kwanza hakuwa na wa kucheza naye. Aliwapanga askari kwenye pembe ya meza yake ya sokoni, upande usio wa kuuza, na wateja wakikatika aliwasogeza sogeza. Baba yangu Adow, ambaye ni kaka yake mkubwa, alifikiri anawapanga kwa urembo. Mimi pia nilifikiri hivyo. Kumbe kila siku alikuwa akipigana vita pande zote mbili, na kila siku vilikuwa vikimchosha, maana huwezi kujificha siri wewe mwenyewe.

Miaka minane iliyopita akaja Wekoye. Alikuwa mchora ramani katika ofisi ya ardhi Bungoma, mtu mrefu, mpole, mwenye penseli nyuma ya sikio. Siku hiyo alikuwa akirudi kutoka kupima mashamba upande wa Ndalu, akapitia Kitale kumtafutia mwanawe gari. Alipofika mezani kwa Eddo akasahau gari. Aliinama pale pembeni, mikono nyuma, bila kugusa kitu.

"Mama, ubavu wako wa kulia uko wazi," akasema. "Mimi nikija na farasi wawili tu, nimekumaliza."

Eddo akamwangalia. "Ungepitia wapi? Hapo kuna mto."

"Mto uko wapi?"

Akamwonyesha utepe wa bluu uliolala kwenye meza. "Huo."

"Aa. Huo sikuuona."

"Ndiyo maana ungekufa."

Wekoye alicheka mpaka penseli ikaanguka. Gari la mtoto halikununuliwa siku hiyo. Eddo aliniambia baadaye kwamba alikuwa amengoja miaka sita mtu amwambie ubavu wake uko wazi.

Baba alikubali wacheze, lakini kwa sharti. "Bwana Wekoye, mimi sina ubaya na wewe. Lakini mji una macho. Mtachezea nje, mchana, mahali mimi nimeketi."

Kwa hivyo walichezea nje. Baba ana nusu ekari kando ya barabara ya Kachibora, analima mahindi na kufuga mbuzi wachache. Kila Jumapili, Wekoye akishatoka kanisani na sisi tukishaswali adhuhuri, tulikutana hapo. Baba aliketi kwenye kiti cha plastiki na redio yake. Mimi niliketi kando na kitabu, nikisoma ukurasa mmoja kwa saa nzima.

Sharti lile la Baba ndilo lililoufanya mchezo uwe mtamu. Mezani, mlima ni kitabu kilichofunikwa kitambaa. Shambani, mlima ni kichuguu alichokisukuma fuko usiku, na Jumapili ijayo kitakuwa kimehama. Mahindi yakishavunwa, visiki vya mabua vilikuwa msitu na matuta yalikuwa mahandaki. Mahindi yakiwa juu walihamia kwenye ukanda wa nyasi kando ya ua, na huko majani yalimficha askari hata wewe uliyemweka ukamtafuta kwa dakika kumi. Mizinga ilikuwa gololi zilizofyatuliwa kwa kidole. Mwendo ulipimwa kwa kamba yenye mafundo.

Wekoye alikuwa akilala kifudifudi na suruali yake ya kanisani, shavu lake kwenye udongo, ili aone kama askari anavyoona.

"Njoo uone, Nasro," aliniita. "Ukiweka jicho hapa, hiki kichuguu ni Mlima Elgon kabisa."

Eddo hangeweza kulala hivyo mbele ya mwanamume. Alifunga kioo kidogo cha mkobani kwenye kijiti, akakisimamisha nyuma ya kikosi chake, na akiwa amechuchumaa na ushungi wake ukiwa mahali pake aliona kila kitu alichokiona Wekoye, na bila kuchafuka. Baba alisema huo ni ujasusi. Eddo akasema ni adabu.

Kanuni zote zilikuwa za Eddo. Aliziandika katika daftari la mraba, moja baada ya nyingine, kila zilipozaliwa. Mvua ikinyesha, mchezo hausimami. Mizinga inalowa na kukaa kimya, mifereji inakuwa mito, na aliyepeleka jeshi lake bondeni atajuta. Mbuzi akikanyaga askari, hilo ni jambo la Mungu, asilaumiwe mbuzi wala mwenye mbuzi. Hayo ya mwisho yalikuwa maneno ya Baba, siku beberu wake alipomaliza wapanda farasi wote wa Wekoye kwa hatua tatu.

Kanuni aliyoipenda zaidi ilikuwa ya wajumbe. Kila jenerali huandika amri kwenye kipande cha karatasi na kumpa askari mjumbe, naye hutembezwa kwa kamba mpaka kwenye kikosi. Akipigwa gololi njiani, amri haifiki, na kikosi kinaendelea na ile ya zamani, hata kama kinaelekea kufa. Nimeona Eddo akimtazama mjumbe mmoja mwenye koti jekundu akivuka matuta manne, kila mara gololi zikipita karibu, na alikuwa amebana pumzi kweli.

Ugomvi ukizuka, yeye ndiye aliyekuwa hakimu. Wekoye hakuwahi kudai hakimu mwingine, ingawa hakimu mwenyewe alikuwa adui yake. Nimemsikia Eddo akijihukumu mwenyewe ashindwe, tena vita vilivyochukua Jumapili tatu, kwa sababu kanuni ilisema hivyo.

"Ungenyamaza tu, mimi singejua," Wekoye alimwambia siku hiyo.

"Mimi ningejua."

"Haki ya Mungu, Jenelali, wewe uko na roho ngumu."

"Jenerali," Baba alimrekebisha kutoka kitini, bila kuinua macho.

"Si ndiyo nimesema? Jenelali."

Nakumbuka miaka ile kama wakati mmoja mrefu wenye harufu ya majani makavu.

Mwaka jana mvua ya Novemba ililowesha daftari. Wino ulitanda kurasa za mwanzo, na Eddo alizianika juani zikiwa zimebanwa kwa mawe, uso wake umekunjamana. Wekoye alimwambia ofisini kwao kuna mashine na karatasi, na yeye atazipiga chapa kanuni zote pole pole saa za chakula.

"Zikichapwa zitadumu," alisema. "Hata sisi tukienda, zitabaki."

Eddo alilifunga daftari ndani ya mifuko miwili ya nailoni kabla ya kumpa. Lilirudi baada ya majuma matatu, kavu, limevikwa jalada jipya. Hiyo chapa, Wekoye alisema, inakuja.

Mwezi wa pili akaja na habari. Kulikuwa na shule moja Bungoma iliyokuwa ikiandaa siku ya michezo ya akili. Watu wa drafti watakuwepo, watu wa bao na chesi pia, na walimu watatoka mpaka Kimilili.

"Nimewaambia kuhusu vita vyetu," alisema. Nilimsikia vizuri, alisema vyetu. "Wanataka kuona. Na wewe uje, Jenelali, usikose. Ulete kile kikosi chekundu. Bila hicho hakuna kitu."

Juma hilo Eddo alirudia rangi ya makoti yote mekundu. Alishonesha gauni la kijani. Siku moja alikuja chumbani kwangu, akasimama mlangoni.

"Nasro, wewe umefika chuo kikuu. Wakiniambia niseme kitu, naanza na 'mabibi na mabwana', ama nasema 'hamjambo' tu?"

Nilimwambia hamjambo inatosha.

"Hiyo hata mimi naweza," akasema, akaenda zake akiirudia kwa sauti ya chini.

Jumamosi tulikwenda Bungoma, yeye na mimi, sanduku la viatu likiwa mapajani mwake njia nzima. Wekoye alikuwa ametengeneza uwanja mzuri sana kwenye nyasi za shule: mto wa kweli kwa mfereji wa maji, vilima, daraja la vijiti. Alipokea sanduku kwa mikono miwili, akatuketisha mbele, akaondoka haraka. Mkewe Nanyama alikuwa safu ya pili na watu wa kwao wengi, wamevaa vizuri kama watu wa arusi. Tulisalimiana. Hakutujua.

Watoto walikuwa na vijitabu mikononi. Eddo aliomba kimoja kwa msichana aliyeketi karibu nasi. Juu kiliandikwa Vita vya Shambani, na chini yake, kimetungwa na Wekoye.

Alifungua. Nilisoma begani mwake. Mvua ikinyesha, mchezo hausimami. Mjumbe akipigwa njiani, amri haifiki. Maneno yalikuwa yale yale, na mpangilio ule ule wa daftari. Mbuzi akikanyaga askari, hilo ni jambo la Mungu. Kwa Wekoye hakuna mbuzi hata mmoja. Kwenye ukurasa wa shukrani alimshukuru Mungu, mkewe, na wenzake wa ofisini waliomvumilia alipokuwa akitumia mashine.

"Pengine jina langu liko nyuma," Eddo akasema.

Akageuza. Nyuma kulikuwa na picha ya Wekoye, penseli sikioni.

Alimrudishia yule msichana kijitabu, akamshukuru, akakunja mikono mapajani. Nilitaka tuondoke. Nilimgusa kiwiko, naye akatikisa kichwa. Nilielewa alikuwa bado anangoja. Kitabu kimeshachapwa, hakina la kufanywa, lakini mtu ana mdomo, na mdomo ulikuwa haujafunguliwa.

Ukafunguliwa. Wekoye alieleza mchezo kwa ustadi. Alieleza jinsi wazo lilivyomjia akiwa kazini mashambani, akitazama matuta. Alisogeza kikosi chekundu cha Eddo kuvuka daraja, na watoto wakashangilia. Kisha mwalimu mmoja kutoka Kimilili, aliyeitwa Chepkemei, mwanamke mchangamfu aliyekuwa na kipaza sauti, akatugeukia.

"Na hawa wageni wetu wa mbele? Bwana Wekoye, tujulishe, tusiwaache hivi hivi."

Wekoye alimtazama Eddo. Halafu akatazama safu ya pili. Nilikuwa karibu, niliona macho yake yakienda na kurudi.

"Aa, huyu ni mama mmoja wa mitumba kule Kitale," akasema. "Ndiye huwa ananiuzia hawa askari. Ametoka mbali, bana. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Eddo akasimama, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kidogo, akaketi. Hakusema hamjambo.

Watoto wakaanza maswali. La mwisho aliuliza Mwalimu Chepkemei mwenyewe, na lilikuwa zuri. Je, ikiwa wajumbe wawili wanafika kwenye kikosi kimoja wakati mmoja, na amri zao zinapingana, kikosi kifanye nini?

Wekoye alikuna shingo. Aliangalia mto, akaangalia daraja, akaangalia kila mahali isipokuwa tulipokuwa.

"Hilo ni swali la maana sana," akasema. "Hilo nitawajibu nikija kwenu Kimilili Jumatano."

Jibu lilikuwa limeketi mbele yake, mikono imekunjwa.

Tulikusanya askari wetu wenyewe wakati watu wakinywa soda. Njiani Eddo alisema neno moja tu. Alisema, "Ananiuzia," akitazama dirishani, kama mtu anayejaribu neno la lugha asiyoijua.

Baba alipopata habari alisema Wekoye asikanyage tena shamba lake. "Akija nitamfungulia beberu."

"Mwache aje," Eddo akamwambia. "Nataka kumsikia."

Jumapili, baada ya adhuhuri, aliwapanga askari kama kawaida, wekundu upande wake, wa bluu upande wa Wekoye. Nilimwona akisimamisha kile kioo chake. Wekoye alifika na mkate na ndizi, akiwa na shati la kanisani.

"Jenelali! Sasa! Adow, mzee wangu, habari ya hapa?"

Baba alizima redio. Wekoye aliweka ndizi chini, akachuchumaa upande wake wa uwanja, akaanza kumwelekeza mmoja wa askari wake ambaye hakuhitaji kuelekezwa.

"Najua umekasirika," akasema.

"Endelea."

"Dada Sumeya, elewa tu. Nanyama alikuwa pale. Shemeji zangu walikuwa pale. Sasa nisimame niseme ati miaka minane, kila Jumapili, niko Kitale nafundishwa vita na mwanamke, tena aliyeachika? Si ungesikia vile wangesema? Mimi nimekulinda jina."

"Mkeo anajua Jumapili unakuwa wapi?"

"Anajua niko Kitale."

"Kwa nani?"

"Kwa Adow."

"Kwangu!" Baba akaruka. "Kwa hivyo mimi ndiye napigana na wewe? Wekoye, mimi sijui hata bunduki ya plastiki inashikwa upande gani!"

"Mzee, tulia kidogo."

"Nitulie! Mimi nimekaa juani miaka minane nikiwachunga, mgongo umeisha, kumbe nilikuwa jenerali na sikuambiwa!"

Siku nyingine sote tungecheka. Eddo alingoja kaka yake anyamaze.

"Kama ulitaka kunilinda, ungenyamaza," akamwambia Wekoye. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kutoa hukumu. "Ungesema, huyu ni mgeni. Ningekaa, ningerudi nyumbani, ningekusamehe hata kabla ya kufika Kimilili. Lakini hukunyamaza. Ulinipa kazi nyingine. Na mimi sijakuuzia askari hata mmoja, Wekoye. Wale wako wote nilikupa mimi, wengine niliwapaka rangi nikiwa na homa."

"Ni kweli."

"Najua ni kweli. Sikuulizi."

Wekoye alichimba udongo kwa kidole. "Chapa ya pili nitaweka jina lako. Kule ndani, kwa shukrani."

"Kwa shukrani."

"Ee. Mahali pazuri."

"Na Jumatano, Kimilili? Utawaambia walimu?"

"Kimilili bado ni mapema, dada. Wameshazoea. Ukibadilisha sasa wataanza kuuliza hiki na kile. Twende pole pole."

Nilidhani yameisha, kwamba sasa Eddo atasimama aende zake. Wekoye pia nadhani alifikiri yameisha, kwa njia yake, kwa sababu uso wake ulilegea, akatia mkono mfukoni na kutoa kijidaftari na ile penseli ya sikioni.

"Lakini kuna hili swali la wajumbe wawili," akasema. "Si lilitutokea mara moja, ile siku ya radi? Wewe ulitoa hukumu, mimi nimesahau. Na kwenye daftari sikuiona, nadhani ni zile kurasa zilizolowa. Nimekwama, bana. Yule mwalimu hataniacha."

Basi hilo ndilo lililomleta. Nilimtazama Baba, Baba akanitazama. Sikujua kwamba mtu mpole anaweza kufanya jambo kama hilo kwa upole uleule.

Hukumu ya siku ya radi niliikumbuka. Kikosi kikipokea amri mbili zinazopingana, kinasimama zamu moja nzima. Hakiendi mbele wala nyuma, kwa sababu watu waliochanganyikiwa hawashambulii, wanaulizana. Kikosi kilichosimama siku hiyo kilikuwa cha Eddo mwenyewe, na kwa kusimama kule alishindwa vita.

Eddo alimwondoa mchwa aliyekuwa akipanda bega la mpiga tarumbeta.

"Kinagawanyika," akasema.

"Kinagawanyika?" Penseli ilikuwa tayari.

"Nusu inafuata amri ya kwanza, nusu inafuata ya pili. Na kuanzia hapo kila nusu inahesabiwa kikosi kamili. Inaweza kupokea wajumbe wake, na ikipokea wawili inagawanyika tena."

"Nusu kwa nusu... kila nusu ni kikosi kamili..." Wekoye aliandika akitamka kila neno. "Aa! Hiyo ni tamu. Hiyo wataipenda."

Hakushuku. Kwa nini ashuku? Kwenye ardhi ile hakuwahi kudanganywa miaka minane. Nami nilikuwa nikihesabu kichwani: kumi na wawili wanakuwa sita, sita wanakuwa watatu, na kwa sababu kila kipande kinahitaji mjumbe wake, wajumbe watazidi askari. Kufikia zamu ya tano hakutakuwa na jeshi uwanjani, kutakuwa na watu mmoja mmoja, kila mmoja na karatasi yake, na watoto wakizozana juu yao.

Wekoye alifunga kijidaftari, akasimama, akapangusa magoti. "Asante, Jenelali. Nilijua hutanitupa." Halafu, kwa sauti ya kubembeleza kidogo, "Na kile kikosi chekundu, hungeniazima kwa Jumatano?"

"Chekundu hakitoki."

"Sawa. Sawa, si neno." Alitazama uwanja uliopangwa tayari. "Leo hatuchezi?"

"Chukua wako, Wekoye. Wote. Usije Jumapili ijayo."

Wekoye alimwangalia Baba. Aliwaokota askari wake wa bluu mmoja mmoja, akawatia mfukoni mwa shati na mfukoni mwa suruali, akaaga, akaenda zake kwenye barabara akitembea taratibu ili wasidondoke.

Baba alisubiri apotee ndipo akanigeukia. "Uso wako mbona hivyo? Nini?"

Nikamwambia hukumu ya kweli. Alinisikiliza, akaelewa, akapiga paja lake.

"Sumeya! Umempa kanuni ya uongo?"

"Ile moja ni yake," Eddo akasema. "Ameandika kwa mkono wake."

Baba alicheka mpaka mbuzi wakainua vichwa. Alisema Jumatano angelipa nauli aende Kimilili akaone kwa macho yake. Alisema hajawahi kuona vita vilivyomalizwa vizuri namna hiyo. Eddo hakucheka. Alikuwa bado amechuchumaa upande wake, na mbele yake upande wa bluu ulikuwa udongo mtupu.

"Yule msichana aliyenipa kitabu," akasema. "Alikuwa amepiga mistari chini ya maneno. Kwa rula."

Baba aliacha kucheka.

"Watacheza, mambo yataharibika, na watasema mchezo ni mbaya," Eddo akaendelea. "Hawatasema Wekoye ni mbaya. Wataenda kwa drafti."

"Basi si rahisi?" Baba akasema. "Yule mwalimu, Chepkemei. Nasro atatafuta namba yake. Mpigie umwambie kanuni ni hii na hii, mambo yaishe."

Eddo alimgeukia kaka yake.

"Nimpigie nimwambie mimi ni nani? Mama mmoja wa mitumba kule Kitale?"